Medali ya Raphael na Mwaka wa 1520: Soma Ukingo Kabla ya Uso

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mtaalamu, salaam. Katika vitu alivyoacha marehemu babu yangu nimekuta medali ya rangi ya kahawia, yenye kipenyo cha milimita 41 na uzito wa gramu 38. Upande mmoja una kichwa cha mwanamume na jina la mchoraji Raphael. Upande wa pili hauna picha, una maandishi ya Kilatini tu, na humo nimetambua maneno NATUS, OBIIT na DURAND EDIDIT, pamoja na M.D.XX., ambayo ni 1520. Chini kabisa kuna mwaka mwingine unaoanza na M.DCCC., lakini herufi zinazofuata zimefutika. Kaka yangu aliisugua kidogo puani, ikatoa rangi ya manjano, naye anashikilia kuwa ni dhahabu. Je, ni ya 1520 kweli? Ina thamani? Niisafishe kabla ya kumwonyesha mnunuzi? Na nikitaka kuendelea kukusanya medali za wachoraji, nianzie wapi?"

Ndugu yangu, kabla ya jambo lolote nakuomba kaka yako asiisugue tena medali hiyo, hata kidogo. Sababu nitaieleza mbele. Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa kuwa jibu lake ndilo linalobeba mengine yote.

Medali yako si ya 1520. Huo ni mwaka aliofariki Raphael. NATUS maana yake ni "alizaliwa", na OBIIT ni "alifariki". Raphael alizaliwa Urbino mwaka 1483, akafariki Roma tarehe 6 Aprili 1520 akiwa na umri wa miaka 37. Ukiyapitia maandishi polepole kwa kioo cha kukuzia, utaona kwamba kabla ya M.D.XX. kuna namba nyingine ndefu zaidi, M.CCCC.LXXXIII., ambayo ndiyo 1483. Mwaka wa medali yenyewe ni ule wa chini uliofutika nusu, nao kwa kuwa unaanza na M.DCCC. hauwezi kuwa wa kabla ya 1800. Neno EDIDIT, "ametoa", ndilo linalotuonyesha mlango hasa: Amédée Durand, mchongaji wa Paris, alianza mnamo 1818 kutoa mfululizo mkubwa wa medali za watu mashuhuri wa mataifa yote, akaupa jina la Kilatini ambalo bila shaka limo katika medali yako, SERIES NUMISMATICA UNIVERSALIS VIRORUM ILLUSTRIUM. Mihuri ya chuma ya kugongea sura ilichongwa na mafundi mbalimbali, lakini ukubwa na mpangilio ulikuwa mmoja: uso upande wa mbele, na nyuma mahali pa kuzaliwa, miaka miwili ya maisha, jina la mfululizo, mwaka wa kutolewa na jina la Durand. Wachoraji waliwekwa humo pamoja na washairi, wanasayansi na wanafalsafa. Baadhi ya medali hizo zina neno MONACHII ukingoni, yaani Munich, kwa hiyo izungushe yako taratibu chini ya mwanga ulioinama uone kama neno hilo limo.

Kuchukua mwaka wa kifo kuwa mwaka wa medali ni kosa la kawaida sana, na si kosa la aibu. Mtu anapoona uso wa Raphael moyo wake huenda moja kwa moja kwa Raphael. Lakini medali ya kumbukumbu ni kazi ya mtu mwingine kabisa, aliyeishi katika wakati wake, akiwa na chuma chake, mteja wake na sababu yake ya kumkumbuka mchoraji huyo. Nawasihi wanaoanza waulize kwanza nani aliichonga, lini, kwa njia gani, na nakala ngapi zilitoka. Umaarufu wa mchoraji mwenyewe hauingii katika maswali hayo.

Hata bila maandishi, njia ya utengenezaji ingetosha kututia shaka kuhusu 1520. Medali nyingi za zama za Raphael zilisubiwa: fundi alitengeneza sura kwa nta, akaibanza kwenye kalibu ya udongo au mchanga laini, akamimina shaba iliyoyeyushwa, kisha akazikata na kuzipiga tupa kingo zilizopinda. Medali yako, kwa maelezo yako na kwa desturi ya mfululizo wa Durand, iligongwa: kipande cha shaba kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kikabanwa na mashine mpaka sura na maandishi vikajitokeza. Tofauti huonekana kwa jicho lililosaidiwa na kioo. Katika medali iliyogongwa, uwanja ulio nyuma ya kichwa huwa tambarare na laini, na pande za herufi husimama wima, zikiwa na makali pale zinapokutana na uwanja. Katika iliyosubiwa, herufi huwa na mizizi ya duara kidogo, uwanja una vitundu vidogo kama vya ngozi ya chungwa, na ukingoni mara nyingi kuna alama za tupa.

Naomba nikae kidogo kwenye hizo za kusubu, kwa sababu ndiko fani yote ilikoanzia, na ilianza mikononi mwa mchoraji. Mwaka 1438 mfalme wa Bizanti, Yohane wa Nane Palaiologos, alifika Ferrara kwa ajili ya mtaguso wa kuunganisha makanisa ya Mashariki na Magharibi. Huko mchoraji Pisanello alimtengenezea medali yenye upana wa takriban sentimita 10, ikimwonyesha kwa ubavu akiwa na kofia yake ndefu yenye ncha. Ndiyo medali ambayo wanahistoria huitaja kuwa mwanzo wa medali ya picha ya Ulaya ya zama za Mwamko (Renaissance). Pisanello aliitia sahihi OPVS PISANI PICTORIS, "kazi ya Pisano mchoraji". Hakujiita mhunzi wala mchongaji. Kila ninapoishika picha ya medali hiyo nakumbuka kwamba wachoraji hawakuingizwa katika medali kama wageni waalikwa. Wao ndio waliojenga nyumba. Naye Quentin Metsys, mchoraji wa Antwerp, alitengeneza medali ya mwanazuoni Erasmus mwaka 1519, wakati Raphael bado yu hai.

Haikuchukua muda wachoraji wenyewe wakaanza kuwa sura ya medali. Albrecht Dürer, alipokuwa safarini katika Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo) mwaka 1520, aliandika katika daftari lake la safari kwamba alimpelekea mchongaji wa medali Hans Schwarz florini 2 za dhahabu kwa ajili ya sura yake. Katika sentensi hiyo fupi tunapata mchongaji, mteja, mwaka na malipo. Angalia pia kwamba 1520 ni mwaka uleule uliodhani ni wa medali yako. Basi ukitaka kujua medali ya mchoraji ya mwaka huo ilifanana vipi, tafuta picha ya hiyo ya Dürer, uilinganishe na yako, nawe utaona kwa macho yako umbali wa miaka 300 baina ya mikono miwili.

Medali ninayoipenda kuliko zote katika mlango huu ni ile ya Michelangelo iliyotengenezwa na mchongaji Leone Leoni. Leoni alimtumia mzee huyo nakala 4 kutoka Milan mwezi Machi 1561, mbili za fedha na mbili za shaba. Mbele kuna uso wa Michelangelo, umechoka lakini haukuvunjika, nyuma kuna kipofu mwenye fimbo akiongozwa na mbwa, na maneno ya Zaburi ya toba: "Nitawafundisha wakosaji njia zako, na wenye dhambi watarejea kwako." Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa wakati huo, anasimulia kwamba Michelangelo alifurahi sana, akampa Leoni sanamu ya nta aliyoifinyanga kwa mkono wake ya shujaa Herkule akimponda jitu Antaeus. Pamoja na ukaribu wote huo, medali inasema kuwa ana miaka 88, ilhali mtu aliyezaliwa tarehe 6 Machi 1475 alikuwa ndiyo kwanza ametimiza 86. Nimeitaja habari hii kwa makusudi. Ikiwa rafiki aliyemjua mhusika ana kwa ana alikosea umri, basi maandishi ya medali yoyote, pamoja na yako, yapimwe kwa kitu kingine kabla ya kuaminiwa.

Medali hiyo ya Leoni inatufikisha pia kwenye hatari kubwa zaidi kwa mkusanyaji. Medali iliyosubiwa inaweza kugeuzwa kuwa mama wa nyingine: mtu huichukua, huibanza kwenye mchanga, akamimina shaba mpya, na kizazi cha pili kikatokea. Shaba inapopoa husinyaa, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, hivyo nakala ya nakala huwa ndogo kidogo kuliko ya kwanza, na nywele, kope na herufi hupoteza makali. Ndiyo maana majedwali mazuri hutaja kipenyo kwa sehemu za kumi za milimita. Yako ikiwa na milimita 41 kamili ina ukubwa unaotarajiwa wa mfululizo wake. Ingekuwa 40.3, na yenye herufi butu, ningeshuku. Kuna nakala za aina nyingine pia, zilizotengenezwa kwa umeme katika karne ya 19: maganda mawili membamba ya shaba yaliyounganishwa na kujazwa risasi, ambayo huacha mstari wa kiungo kuzunguka ukingo. Nakala hizo hazikuwa za udanganyifu daima. British Museum yenyewe ilimtumia Robert Ready kutengeneza nyingi kwa ajili ya wasomi. Huwa udanganyifu pale muuzaji anapoufuta ule mstari kwa tupa.

Hapo ndipo ninaposisitiza ukingo. Mtu hutazama nyuso mbili za medali akasahau kwamba kuna upande wa tatu, mwembamba, ambao mara nyingi ndio unaosema ukweli. Kiwanda cha sarafu cha Paris kilihifadhi mihuri yake ya zamani na kuendelea kugonga nakala mpya kwa vizazi, na nakala ya leo inaweza kufanana na ya kwanza usoni kwa kila hali. Kinachozitofautisha ni alama ndogo iliyopigwa ukingoni. Kabla ya 1832 hapakuwa na alama. Kuanzia mwaka huo iliwekwa taa ya kale, mnamo 1841 ikaja nanga, mwaka 1842 omo ya meli, kutoka 1845 hadi 1860 mkono unaonyesha kidole, kutoka 1860 hadi 1879 nyuki, na tangu 1880 pembe ya neema iliyojaa matunda. Kando ya alama huandikwa aina ya madini: CUIVRE kwa shaba nyekundu, BRONZE kwa shaba iliyochanganywa na bati, ARGENT kwa fedha. Medali ya mchoraji Poussin yenye mwaka 1816 usoni na pembe ya neema ukingoni iligongwa 1880 au baadaye, hata muuzaji akiapa. Kama yako ina alama yoyote kati ya hizo, niandikie mara moja, kwa sababu maelezo yangu ya umri wake yatabadilika.

Kuhusu dhahabu, jibu liko katika namba ulizonipa. Shaba safi nayo ina wekundu au umanjano chini ya utandu wa kahawia, na pua, ikiwa ndiyo sehemu iliyoinuka zaidi, ndiyo ya kwanza kufunuka. Dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na shaba iliyochanganywa na bati ni karibu 8.8. Medali ya dhahabu yenye ukubwa wa yako ingezidi gramu 80. Ukitaka kumridhisha kaka yako bila kubishana, chukua mzani mdogo wa sonara, weka juu yake kikombe cha maji yaliyochujwa, urudishe mzani kwenye sifuri, kisha ning'iniza medali kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa kikombe. Mzani ukionyesha karibu gramu 4.3, gawanya 38 kwa hiyo 4.3, utapata 8.8. Halafu ikaushe medali papo hapo kwa kitambaa laini kwa kuigandamiza, si kwa kuifuta.

Sasa thamani, nami nasema bila kukuficha: medali za shaba za mfululizo wa Durand si adimu. Zilitolewa kwa wingi kwa ajili ya watu wa kawaida waliopenda elimu, na bado zinapatikana bila taabu kubwa. Jina la Raphael huongeza wanunuzi kidogo, lakini haliibadili kuwa hazina. Bei itategemea zaidi hali ya sura, uzima wa utandu na ukingo usiogongwa-gongwa. Zile herufi za mwaka zilizofutika zitaipunguzia kidogo, na pua iliyosuguliwa itaipunguzia zaidi. Mnunuzi akikupa bei ya kitu cha 1520, basi ama hajui ama anakujaribu, na akikupa bei ya shaba chakavu anakudhulumu.

Hii ndiyo sababu ya ombi langu la mwanzo. Ile rangi ya kahawia si uchafu. Mara nyingi viwanda vyenyewe viliitia kwa joto na kemikali kabla ya medali kutoka, na kisha hewa na mikono ya miaka 200 ikaikomaza. Dawa ya kung'arishia shaba huiondoa kwa dakika moja pamoja na ngozi nyembamba ya chuma iliyobeba makali ya mchongo, na hakuna anayeweza kuirudisha. Ishike kwa ukingo tu, kwa vidole vikavu, na vumbi liondoe kwa brashi laini ya nywele. Usiitie katika mifuko ya plastiki laini ya PVC, kwa sababu plastiki hiyo huoza polepole na kutoa asidi inayoacha ute wa kijani. Karatasi isiyo na asidi inatosha, mahali pakavu. Kitu kimoja tu kingenifanya niseme uchukue hatua ya haraka: vidoa vya unga wa kijani hafifu vinavyorudi kila vikipanguswa. Huo ni ugonjwa wa shaba unaotokana na chumvi za kloridi na unyevu, nao hula chuma kuanzia ndani. Ukiuona, itenge medali hiyo na nyingine, iweke mahali pakavu kabisa, umwone mhifadhi wa makumbusho.

Swali lako la mwisho limenifurahisha kuliko yote. Wengi huniuliza namna ya kuuza, ni wachache wanaouliza namna ya kuendelea. Tenga kwanza medali na sarafu. Ujerumani Magharibi ilitoa sarafu ya mark 5 mwaka 1971 kwa miaka 500 ya kuzaliwa Dürer, na Uholanzi ikatoa ya euro 5 mwaka 2006 kwa miaka 400 ya Rembrandt. Zote ni nzuri, lakini zilitolewa kama fedha halali yenye thamani iliyoandikwa, na mchongaji wake amefungwa na sheria za dola. Medali haina thamani ya malipo, kwa hiyo mchongaji ana uhuru wa ukubwa, kina na hata umbo.

Kwa mtu ambaye tayari ana Durand mmoja, ningemshauri atafute medali za Art Union of London. Chama hicho kilikusanya ada ya gini moja (fedha ya zamani ya Uingereza) kwa mwaka kutoka kwa wanachama, kikagawa kazi za sanaa kwa bahati nasibu, na kuanzia miaka ya 1840 kikaagiza medali za wasanii wa Uingereza, miongoni mwao Reynolds, Hogarth, Gainsborough na Turner. Zina upana wa karibu milimita 55, na ukingoni limeandikwa jina la chama na mwaka. Upande wa nyuma haukuachwa kwa maandishi tu, bali mara nyingi ulibeba kazi ya msanii anayekumbukwa, na hapo unaona mchongaji akipambana na swali gumu kuliko yote katika fani hii: picha iliyoishi kwa rangi itasemaje ikivuliwa rangi na kubaki kivuli na mwinuko wa nusu milimita? Wengi hushindwa. Wanaofaulu ni wale wanaochagua umbo moja na kuliacha lipumue, kama Leoni na kipofu wake.

Kwa sababu hiyohiyo siwapi wanaoanza moyo wa kununua mifululizo mikubwa ya fedha iliyotolewa Marekani katika miaka ya 1970 na Franklin Mint, iliyonakili michoro mashuhuri kwa idadi kubwa. Ufundi wake wa kugonga ni safi sana, lakini picha nzima imebanwa kwenye duara dogo mpaka nyuso hazionekani. Bei ya fedha ilipokaribia dola 50 kwa aunsi Januari 1980, nyingi ziliyeyushwa, na hata sasa wanunuzi wengi huzipima kwa mzani kwanza. Kama moyo wako uko kwenye nyuso zenyewe, mtazame badala yake David d'Angers, Mfaransa aliyetengeneza takriban duara 500 za shaba zilizosubiwa upande mmoja, akiwaonyesha watu wa zama zake. Wachoraji Delacroix na Caspar David Friedrich wamo. Huyo Friedrich, David alimfuata nyumbani kwake Dresden mwaka 1834. Jihadhari tu, kwa kuwa ni za kusubu, na yote niliyosema kuhusu nakala za nakala yanazihusu.

Kabla hujamwonyesha mnunuzi yeyote, piga picha za pande zote tatu: mbele, nyuma, na ukingo mzima kwa vipande vinne vinavyofuatana, mwanga ukitoka upande mmoja. Mwanga huo wa upande huenda ukafufua hata zile herufi za mwaka zilizofutika, kwani alama ya muhuri hubaki ndani ya chuma baada ya jicho kuacha kuiona. Andika pia kwenye karatasi kila unachokumbuka kuhusu namna babu yako alivyoipata, uihifadhi pamoja nayo. Nitumie picha hizo, nami nitakusomea ukingo.